Bweni Ndani ya Lori

Jumanne, tarehe tisa Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka bila pupa tangu alfajiri. Si mvua ya kumlowesha mtu, bali ya kumchosha. Bati la paa lilitoa mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Mbele ya mlango mkubwa wa chuma alisimama, ufunguo mkononi, nyapara wa ghala la kampuni ya kuhamisha nyumba na ofisi. Wafanyakazi walimwita Timazi, kwa kuwa shehena aliyoipanga yeye ndani ya lori ilisimama wima kama ukuta wa mwashi hodari, na barabara iwe ya mashimo namna gani, haikuinama. Jina hilo alilipenda. Alilivaa kama nguo iliyopigwa pasi, akichelea kulikunja.

Alifungua kufuli, akausukuma mlango, na harufu ya watu waliolala pamoja ikampiga usoni kabla ya salamu zao.

Walikuwa wanane. Hawakuwa wezi wala mahabusu. Walikuwa wafungaji na wapakiaji, watu wanaozungushia karatasi sahani za wateja na kushusha piano ngazini bila kuigusisha ukutani. Kila siku saa kumi na mbili jioni walirudi ghalani, wakaingia nyuma ya rafu za maboksi ambako magodoro yao yalitandikwa, na Timazi akafunga kwa nje. Kufuli hilo lilikuwa na sababu, tena sababu yenye heshima: watu wa bima walitaka mali ya wateja inapolala ghalani ifungiwe, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Makabati, meza na majokofu yalilindwa. Aliyeandika sharti hilo hakuuliza kama kuna binadamu anayelala humo, na waliojua hawakumwambia.

Watu hao waliletwa na wakala, na wakala huyo alikuwa mume wa dada yake Timazi. Aliwatoa ng'ambo ya mpaka kwa ahadi nono, akachukua pasi zao za kusafiria zisije zikapotea, akaziweka kwake nyumbani. Simu zao alizikusanya kwa maelezo kwamba kampuni haitaki mfanyakazi apige picha vyumba vya wateja. Mishahara yao ilipitia mkononi mwake, na ilipowafikia ilikuwa imekwisha kukatwa nauli, sare, mafunzo na malazi. Aliyeuliza makato yatakwisha lini aliulizwa naye ana haraka ya kwenda wapi. Kampuni ilimlipa wakala, ikapokea risiti, ikalala usingizi wa pono.

Timazi mwenyewe alikuwa na deni la namna nyingine, lisiloandikwa popote. Baba yao alipofariki, yeye akiwa kidato cha kwanza, shemeji huyu ndiye aliyemlipia ada ya shule ya bweni mpaka akamaliza. Ndiye aliyempangishia chumba. Ndiye aliyemtia kazini. Wala hakuwa mtu wa masimango. Alimkumbusha kwa upole tu, kila alipotaka jambo, na upole huo ulikaza kuliko kamba.

Wiki mbili kabla ya Jumanne hiyo, jioni, Timazi akiwa anakula kwa dada yake, betri ya pikipiki ya umeme ya mteja mmoja ilianza kutoa moshi ghalani. Wale wanane waligonga mlango mpaka mlinzi wa geti akasikia, akapiga simu. Timazi aliacha tonge sahanini, akakimbia. Alipofungua walitoka wakikohoa, macho yamewaiva, na mmoja wao, mfungaji mwepesi wa mikono na wa ulimi waliyemwita Chonjo, akakaa chini juu ya lami akasema, "Kiongozi, leo ungeongeza sahani moja tu, ungetukuta tumeiva." Moshi uliisha, betri ikatupwa, na kesho yake saa kumi na mbili mlango ulifungwa kama kawaida. Tangu siku hiyo Timazi hakuugeuza ufunguo bila kunusa kwanza kama kuna moshi. Lakini aliugeuza.

Asubuhi hii, kabla hajamaliza kuitikia salamu za watu wake, gari la wakala liliingia uani. Shemeji alishuka, nadhifu kama kawaida yake, tabasamu likimtangulia. Alimshika Timazi bega, wakasogea chini ya upenu. Makao makuu, alisema, yanamleta mkaguzi, mama mmoja aliyekabidhiwa kazi mpya: kuhakikisha hakuna utumwa katika shughuli za kampuni wala za mawakala wanaoiletea watu. Atafika saa tano.

"Saa tano ya leo?"

"Ya leo. Taarifa walileta wiki jana, nikawa safarini. Usitie shaka, shemeji. Muda upo."

Taarifa yenyewe ndiyo iliyokuwa kosa, na ni kosa ambalo kampuni ya aina hiyo tu ingelifanya. Kabla ya kuhamisha nyumba, wapimaji wake humpigia simu mwenye nyumba, wakapanga miadi, ili wakute vitu vimekusanywa na mbwa amefungwa. Ni ustaarabu wa kazi. Basi ustaarabu uleule wakaupeleka kwenye ukaguzi wa watu: wakaweka miadi na wakala, wakamwomba aandae mazingira.

"Hilo bweni lisionekane," alisema wakala. "Na mtaalamu wa kuhamisha ni wewe. Kwako hii ni nyumba ya vyumba viwili, tena haina hata piano."

Timazi aliuliza kuhusu ile betri. Je, ikitokea nyingine?

"Betri imeshatupwa. Mbona unafukua kaburi lisilo na maiti?" Kisha, kwa sauti ya chini, ya kifamilia: "Dada yako anakusalimu. Anasema Jumapili usikose chakula."

Kazi ikaanza, na hapo ndipo Timazi alipojiogopa, kwa maana aliifanya vizuri. Aliwagawa wawili wawili. Magodoro kwanza: yakunjwe, yafungwe kamba, yavishwe plastiki. Kisha sufuria, jiko la gesi, ndoo, kamba ya kuanikia nguo. Walivifunga vitu vyao kwa mazoea yaleyale waliyofungia vya wateja. Vikombe vya plastiki vilizungushiwa gazeti kana kwamba ni kaure ya kurithi, na kioo kilichopasuka cha kunyolea ndevu kikatiliwa karatasi nene pembe zote nne. Mikono haikujua kufanya vinginevyo. Hakuna aliyeambiwa afiche kitu. Waliambiwa wahamishe, na kuhamisha ndiyo kazi yao.

"Kiongozi," Chonjo aliita, godoro kichwani, "na sisi utatubandika karatasi ya 'Kinavunjika'?"

"Fanya kazi."

"Au ile ya 'Upande huu juu'? Maana tangu nije hapa, upande wangu wa juu sijaujua ni upi."

Wenzake walicheka, kicheko kifupi cha watu wanaocheka kwa kuwa kulia kunahitaji nafasi. Timazi naye alicheka kidogo, kisha akainama kukaza kamba ya godoro lililofuata.

Kufika saa nne, lori lilikuwa limejaa, limepelekwa nyuma ya kituo cha mafuta cha jirani na kuegeshwa huko. Sakafu ilifagiliwa, ikapigwa deki kwa dawa yenye harufu ya limau. Ukutani, pale ambapo vichwa vya watu vilikuwa vimeacha alama za mafuta, walisimamisha kabati la mteja. Timazi alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuhamisha kitu kikahama namna hiyo. Huko nyuma, hata nyumba iliyohamwa ilibakiza msumari ukutani au chaki ya mtoto mlangoni. Hapa hapakubaki hata dalili kwamba mtu amewahi kulala, kuota wala kukohoa.

Wakala aliwapanga mstari, akawafundisha jibu. Lilikuwa fupi: nimekuja kwa hiari yangu, pasi yangu ninayo, ninalala nyumbani kwa ndugu. Aliwarudisha mara kadhaa, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mtu mzima mmoja kati yao, mbeba fanicha mwenye mvi, aliuliza itakuwaje yule mama akitaka kujua ni ndugu gani. Wakala akamjibu kwa upole uleule kwamba mwenye maswali mengi atasaidiwa kurudi kwao leo leo, bila pasi, akajieleze mwenyewe mpakani. Mwenye mvi akatazama viatu vyake, na swali hilo halikuulizwa tena.

Mkaguzi alifika saa tano kamili: mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, mwavuli mkubwa, na ile haya ya mtu anayeingia kazini kwa watu. Aliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake katika ofisi ndogo ya kioo. Wakala akatoka kwa adabu, akaketi kwenye kiti nje ya mlango, mlango akiuacha wazi kwa ajili ya hewa. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, na wote wanane walitoa jibu lilelile, neno kwa neno, hata mahali pa kupumua palikuwa pamoja. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini huko makao makuu alikotoka mama huyo, majibu yanayolingana huitwa ushahidi.

Zamu ya Timazi ikafika. Akaulizwa kuhusu sare, saa za kazi, vifaa vya kuzimia moto. Kisha mkaguzi akainua macho.

"Ufunguo wa ghala unakaa kwa nani, ndugu?"

"Kwangu."

"Jioni ukifunga, kuna mtu anabaki ndani?"

Kupitia kioo aliuona mgongo wa shemeji yake, shati jeupe lililonyoshwa vizuri. Dada ndiye aliyelinyosha. Akilini alimwona dada huyo enzi zile, akimshonea kifungo cha sare ya shule akiwa amesimama mlangoni kwa kuogopa kuchelewa. Akaona pia kwamba jibu lilikuwa limeshakaa tayari kinywani mwake, na kwamba hakuhitaji hata kulitafuta.

"Habaki mtu, mama."

Mkaguzi akaandika.

Nusu saa baadaye mkaguzi alitangaza uani, mbele ya meneja wa tawi na wote waliokuwapo, kwamba hajaona ghala lililopangwa vizuri kama hilo. Angependekeza wakala huyu apewe kuleta wafanyakazi katika matawi mengine matatu, ili nayo yapate mfano. Wakala aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, meneja akampa mkono, wakaondoka pamoja kwenda kula. Mkaguzi alisema chakula atapata njiani, akaenda kuweka makabrasha yake garini.

Chonjo alipita na toroli tupu. Safari hii hakuwa anacheka.

"Hongera, kiongozi. Tunaongezewa wenzetu. Itabidi ununuliwe kufuli kubwa."

Akaendelea na njia yake. Magurudumu yakalia juu ya saruji yenye maji. Timazi alibaki amesimama. Alikuwa amezoea kuhesabu kwamba waliofungwa ni wale wanane, na yeye yuko nje, mtu huru mwenye ufunguo. Sasa akaona hesabu hiyo haikuwa sawa. Aliyefungiwa ndani hugonga, na huenda mlinzi akasikia. Aliyejifungia nje atagonga wapi?

Akapima. Akinyamaza, leo saa kumi na mbili atafunga, na kesho, na siku nyingine patatokea betri nyingine, yeye akiwa mbali, simu imezimika. Zaidi ya hapo, patakuwa na maghala mengine matatu na wanyapara wengine watatu, kila mmoja na shemeji yake. Akisema, nyumba ya dada yake inavunjika, chumba anachopanga kinakwenda, kazi inakwenda, na aliyekuwa akifunga mlango ni nani, kama si yeye? Palikuwa na njia mbili tu, na zote ziliishia ukutani. Gari la mkaguzi liliwashwa.

Alitembea mpaka dirishani, akagonga kioo kwa kidole.

"Mama, nimekudanganya."

Mkaguzi alizima gari. "Umenidanganya lipi?"

"Lile la mwisho. Wanabaki. Wote wanane. Wanalala humo, na anayewafungia ni mimi."

Mama yule alikishusha kioo mpaka nusu, maji yakitiririka katikati yao. Akauliza kama kuna mtu aliyemtuma kusema hivyo, labda mwenye ugomvi na wakala.

"Niliyotumwa kusema nimeshayasema kule ndani, mama. Haya ni yangu."

Walikwenda kwa miguu mpaka kituo cha mafuta. Timazi alifungua milango ya nyuma ya lori, akasogea kando. Magodoro yalisimama wima, yamepangana, kila kamba imekazwa, hakuna lililoinama. Mkaguzi aliliwekea mkono la kwanza, juu ya plastiki, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Kisha aliuliza ni nani aliyewaambia kwamba anakuja.

"Ni ninyi wenyewe. Mliweka miadi."

Aliketi kwenye ubao wa nyuma wa lori, sketi yake ikiloa, na kwa muda hakuwa mkaguzi wa mtu. Alipoinuka alikuwa amekwisha kupiga simu mbili, moja ofisi ya kazi ya serikali, nyingine makao makuu, na katika hiyo ya pili sauti yake ilipanda. Wanane hao, aliagiza, watalala nyumba ya wageni kwa gharama ya kampuni kuanzia leo, na hakuna atakayekatwa kitu. Kisha akamgeukia Timazi.

"Nitaandika kwamba ofisi yangu ilibisha hodi mapema mno. Nitaandika pia kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwako."

"Andika."

Zikabaki pasi. Zilikuwa katika kabati la chumbani kwa dada yake. Timazi alilijua kabati hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipandisha ngazini. Maofisa wangeweza kuzifuata, lakini mume akipata fununu zingehama kabla yao. Akampigia dada simu. Alimweleza yote, bila kupunguza wala kupamba.

"Mume wangu aliniambia wanaziacha kwa hiari," dada alisema. "Na wewe ulikuwa unawafungia?"

"Ndiyo, dada."

"Kisha ukitoka hapo ulikuwa unakuja kula kwangu."

"Ndiyo."

Dada akakata simu. Alifika baada ya saa moja hivi, kwa miguu kutoka barabara kuu, mkoba wa kitambaa kifuani. Hakumpa mkaguzi, wala maofisa wawili waliokuwa wamekwisha kuwasili na kuketi ofisini. Aliwaendea wale wanane waliosimama upenuni, akamkabidhi Chonjo mkoba mzima, akawaomba radhi kwa maneno machache yaliyosikika kwao tu. Alipompita mdogo wake hakumtazama usoni. Alisema nyumba yake imevunjika leo, na kwamba hajui bado amlaumu nani, akishajua atamwambia. Jumapili asije.

Chonjo aligawa pasi. Kila mmoja alifungua ya kwake, akajitazama kwenye picha. Geti lilikuwa wazi, na hakuna aliyelisogelea. Mwenye mvi aliuliza kama wanaruhusiwa kwenda dukani. Chonjo, ambaye siku zote alikuwa na neno, aligeuzageuza pasi yake mkononi, akamuuliza Timazi, "Sasa twende wapi, kiongozi?" Safari hii hakuna aliyekuwa amemfundisha Timazi jibu.

Wakala alirudi saa tisa, ameshiba. Aliona gari la serikali uani, akaona watu na pasi mikononi, akaelewa, hakuwa mjinga. Lakini kwa kuwa maofisa walikuwa bado wakimhoji mwenye mvi kule ofisini, alipata nafasi ya kusimama na Timazi kando ya ukuta.

"Bado halijaharibika lote," alisema kwa haraka. "Watu hawa wa ofisi ya kazi wanakuja kusikiliza tu. Ingia, uwaambie una kinyongo na mimi, mambo ya kifamilia, ukapandwa na hasira. Magodoro ni ya mteja. Mimi nitamaliza yaliyobaki."

Timazi alitikisa kichwa.

"Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Nimekukosea nini, shemeji? Unanidai nini, hata unilipe hivi?"

"Sikudai kitu. Wewe ndiye unayenidai. Ada ulilipa. Chumba ulinipangishia. Kazi ulinipa. Sijakana hata moja, na mbele yao nitayataja yote."

"Basi nilipe." Upole ulikuwa umemwishia, palibaki sauti kavu ya mtu anayezama. "Miaka yote hiyo sijakuomba unilipe. Leo naomba. Neno moja tu: ulikosea. Useme, na tutakuwa tumemalizana, mimi na wewe, mpaka kaburini."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Ofisa mmoja akatokeza kichwa, akamwita nyapara aliyekuwa akishika ufunguo. Timazi alifunga vifungo vya koti lake la kazi, kimoja kimoja, akaanza kwenda. Kisha akasimama, akamgeukia shemeji yake.

"Deni ni langu, shemeji, lakini watu hawa si mali yangu. Kwa hao, sikulipi."